Mlango Uwe Mmoja, Lakini Kila Chumba Kiulize

Liko jambo ambalo ukilitazama kwa mbali utadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao, kumbe ni la kila mfanyakazi aliyeweka shilingi yake mahali na kuitazama kwa njia ya simu. Jambo lenyewe ni hili. Mwanachama afungua tovuti ya chama chake cha akiba, aandika jina lake na neno lake la siri, akubaliwa. Ndani ya tovuti hiyo akuta kisanduku, na ndani ya kisanduku mna programu nyingine iliyotengenezwa na watu wengine kabisa. Je, programu hiyo ya ndani itamjuaje kwamba ni yeye? Nani atakayeiambia? Na ikishaambiwa, yapasa isadiki tu?

Swali hili limeachiwa mafundi kwa muda mrefu mno. Kamati hulipa fedha, hukabidhiwa kazi, hupiga makofi, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za mlango. Sisi twasema kwamba mwanachama ana haki ya kujitambulisha mara moja tu, na kwamba haki hiyo isitimizwe kwa kuuacha wazi mlango wa ndani. Mambo hayo mawili yaweza kwenda pamoja. Njia yake yajulikana tangu zamani. Kinachokosekana ni watu wa kuidai.

Natuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa kiwanda. Tovuti yake, tuiite tovuti mama, yaonyesha akiba na hisa za kila mtu na matangazo ya mkutano mkuu. Kamati yaona vema wanachama waombe mikopo bila kupanga foleni dirishani, kwa hiyo yanunua programu ya mikopo kwa kampuni nyingine, nayo yatiwa katikati ya ukurasa kama picha itiwavyo katika fremu. Mwanachama aona ukurasa mmoja. Hajui kwamba maneno ya juu yatoka katika seva moja na kisanduku cha katikati chatoka katika seva nyingine, pengine iliyo nchi nyingine. Amejitambulisha kwa mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha ndani hajapata kumwona.

Basi kisanduku chamuuliza tena: jina lako nani, neno lako la siri ni lipi? Mtu ametoka zamu ya usiku, simu yake imebakiwa na chaji kidogo, naye aulizwa mara mbili na ukurasa ule ule. Atanung'unika, na ana haki ya kunung'unika. Akilazimishwa kuwa na neno la siri la pili, atachagua lile lile la kwanza, ama ataliandika katika kijikaratasi na kukitia nyuma ya kasha la simu. Tusimlaumu. Tena liko baya kuliko hilo: kuulizwa kila mara humzoeza mtu kuandika neno lake la siri kila aulizwapo, bila kutazama ni nani anayeuliza. Mwizi wa siku hizi hahitaji kuvunja kufuli. Yamtosha kutengeneza kisanduku kinachofanana na kile cha chama na kumwuliza mwanachama mara ya tatu.

Kwa hiyo wanaosema mlango uwe mmoja wamesema kweli. Shida yaanza katika namna ya kuujenga, maana hapo ndipo fundi mwenye haraka hupita njia ya mkato.

Njia ya mkato ya kwanza ni kuitaka tovuti mama ilichukue neno la siri la mwanachama na kulipeleka ndani kimyakimya, ili programu ya mikopo nayo ilisome. Mwanachama haoni kitu, aona amekubaliwa, afurahi. Lakini hebu tufikiri. Tovuti iliyojengwa kwa uangalifu hailiweki neno la siri lenyewe. Hulisaga kwa hesabu maalumu, ikaweka unga wake tu, nao ule unga hauwezi kurudishwa kuwa punje. Ukiandika neno lako, husagwa upya, na unga hulinganishwa na unga. Basi fundi akuambiaye kwamba atalipeleka neno lako la siri ndani kila utakapo kuingia, ama amekiri kwamba ameliweka zima mahali fulani, ama ana nia ya kulipitisha mikononi mwa kampuni ambayo wewe hukuipa. Hakuna jibu la tatu.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, nayo kwa masikitiko hupendwa kwa sababu ni nyepesi. Tovuti mama huandika namba ya mwanachama katika anwani ya kisanduku, kwamba mtu aliyekuja ni namba 417, na programu ya ndani husadiki. Kijana yeyote mdadisi ataifungua ile anwani, ataifuta 417 na kuandika 418, naye ataiona mikopo ya jirani yake, mdhamini wake, na kiasi anachokatwa kila mwezi. Hapo hapakuvunjwa chochote. Ni sawa na karani wa benki amwulizaye mtu jina, naye akalitaja jina la tajiri wa mtaani, karani akafungua kasha. Karani wa namna hiyo tungemfukuza siku hiyo hiyo. Programu ya namna hiyo twailipia matengenezo ya kila mwaka.

Ili tuieleze njia ya tatu yafaa kwanza tueleze jinsi tovuti inavyomkumbuka mtu. Kwa asili yake ukurasa wa intaneti hauna kumbukumbu. Kila uombapo ukurasa, seva hukuona kama mgeni aliyewasili sasa hivi. Mwaka 1994 Lou Montulli, fundi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, alibuni dawa: seva hukipa kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa, kipande kidogo cha maandishi, nacho kivinjari hukirudisha kila kiendapo tena kwa seva ile ile. Maandishi hayo huitwa kuki. Uandikapo neno la siri mara moja na kuendelea kutembea ndani ya tovuti pasipo kuulizwa tena, ni kuki inayokusemea.

Kanuni ya kuki ni kwamba hurudishwa kwa aliyeitoa, wala si kwa mwingine. Lakini ikiwa tovuti mama na programu ya ndani zina makao chini ya jina moja, kama vile nyumba za ukoo mmoja, fundi aweza kuiandika kuki ili isomwe na nyumba zote za ukoo huo. Njia hii si haramu. Mahali pengine yafaa kabisa. Ila kamati ielewe maana ya neno zote: pamoja na ule ukurasa wa zamani wa mashindano ya kandanda, uliotengenezwa na kijana mmoja wakati wa likizo na ambao tangu hapo hapana aliyeuangalia. Atakayeuvunja ukurasa huo wa kandanda aweza kuipata kuki ya hazina, na mwenye kuki ya mtu, kwa macho ya seva, ndiye mtu mwenyewe.

Na ikiwa makao ni mbalimbali, kivinjari chenyewe hukataa. Safari, kivinjari cha Apple, kilizizuia kabisa kuki za visanduku vya kigeni mwezi Machi 2020. Chrome ya Google ilianza mwezi Februari mwaka huo huo kuzikataa zile ambazo mwenyewe hakuzitangaza waziwazi kuwa ni za kutumika ndani ya kurasa za watu wengine, tena kwa njia iliyofungwa isiyosomeka na wapitao. Firefox nayo mwezi Juni 2022 ilieneza utaratibu wa kuiwekea kila tovuti chungu chake cha kuki, kisichochanganywa na cha mwenziwe. Google ilikuwa imetangaza mwaka 2020 kwamba itaziondoa kabisa kuki za kigeni, ikaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2024 ikabadili nia.

Matokeo yake kwa chama chetu cha mfano yaweza kuonekana siku ya kwanza. Mezani kwa fundi, atumiaye Chrome, programu yafanya kazi vizuri. Katibu wa tawi mwenye simu ya iPhone aandika neno la siri, kisanduku chazunguka kidogo, kisha chamwuliza tena. Aandika tena, chauliza tena. Apiga simu, aambiwa kwamba huenda amekosea neno. Hakukosea. Kisanduku kilimkubali, kikampa kuki, na kivinjari kikaitupa.

Wako mafundi wanaolalamika kwamba wenye vivinjari wamewaharibia kazi, na wengine humwelekeza mwanachama aingie katika mipangilio ya simu yake na kuuondoa ulinzi huo. Hatukubaliani nao hata kidogo. Vivinjari vilikuwa na sababu. Kampuni za matangazo ya biashara zilitia visanduku vyao vidogo, vingine visivyoonekana kwa macho, katika kurasa maelfu kwa maelfu, na kwa kuki moja zikamtambua mtu yule yule asomapo habari, anunuapo viatu na aulizapo dawa ya maradhi yake. Historia ya Kenya yatufundisha ubaya wa hati ya namna hiyo. Kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika mnamo 1920, alikibeba mwanamume Mwafrika ndani ya kibati shingoni, na mwajiri aliandika humo habari zake na sahihi ya kumwachilia. Pasipo sahihi hiyo hakuweza kwenda kwa mwajiri mwingine. Kipande kilimtambulisha, ndiyo, lakini kwa faida ya aliyekitoa. Mtu yeyote ajengaye mlango mmoja hana budi kujiuliza kama anajenga mlango au anachapa kipande.

Sasa tuje kwenye njia iliyo sawa.

Mwaka 1983 Chuo cha MIT huko Marekani, kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM, kilianzisha mradi ulioitwa Athena wa kueneza kompyuta kwa wanafunzi wake. Kompyuta zilikuwa nyingi na yeyote aliweza kuikalia yoyote; huduma nazo zilikuwa mbalimbali, za faili, za barua, za kupiga chapa. Mafundi wa mradi huo hawakukubali neno la siri la mwanafunzi lisafiri kwenda kwa kila huduma. Walijenga juu ya fikra zilizoandikwa na Roger Needham na Michael Schroeder mwaka 1978, na kazi yao wakaiita Kerberos, jina la mbwa wa hadithi za Kiyunani alindaye lango la kuzimu. Mwanafunzi alijitambulisha mara moja kwa mlinzi mmoja, akapewa tiketi ya saa chache. Kila alipotaka huduma alimwonyesha mlinzi tiketi hiyo, akapewa nyingine ndogo ya huduma ile peke yake. Neno lake la siri halikupita katika waya. Huduma haikulijua, wala haikuhitaji kulijua.

Fikra hiyo ndiyo iliyozaa taratibu zitumikazo leo katika intaneti: SAML, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2005, na OpenID Connect ya mwaka 2014. Vyuo vinavyotumia Moodle kuwa tovuti mama ya masomo, na kutia ndani yake programu za mitihani za watu wengine, vina utaratibu wao uitwao LTI, na toleo lake la 1.3 la mwaka 2019 limejengwa juu ya OpenID Connect hiyo hiyo. Fundi hana haja ya kubuni kitu. Akianza kubuni, kamati ishtuke.

Utaratibu wenyewe, kwa maneno ya kawaida, ni kama ifuatavyo. Mwanachama hujitambulisha kwa tovuti mama, na kwa hiyo peke yake. Afunguapo kisanduku cha mikopo, tovuti mama huandika hati fupi: mimi ndimi tovuti ya chama fulani, hati hii naiandikia programu ya mikopo na si mwingine, habari zake ni za mwanachama namba 417, nimeiandika saa tatu na dakika kumi, na ikifika saa tatu na robo si hati tena. Kisha huitia sahihi. Sahihi hiyo si ya wino. Ni hesabu ya funguo mbili za namna waliyoivumbua Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, ambapo ufunguo mmoja, uliofichwa kwa mwenyewe, ndio pekee uwezao kutia sahihi, na wa pili, uliotangazwa kwa watu wote, waweza kuihakiki tu. Programu ya ndani huipokea hati, huihakiki kwa ule ufunguo wa hadharani, hutazama imeandikwa na nani, imeandikiwa nani, na kama muda wake haujapita. Hapo tu ndipo humfungulia. Mtu akiifuta 417 na kuandika 418, sahihi haiafikiani tena na maneno, na hati yote hutupwa.

Kila neno katika hati hiyo lina kazi yake. Lile la kusema imeandikiwa nani laonekana dogo, nalo ndilo husahauliwa. Pasipo hilo, programu ya kuagizia sare za kazi, ambayo nayo imo katika tovuti ile ile na pengine yaendeshwa na mfanyabiashara mdogo asiye na ulinzi wowote, yaweza kuichukua hati aliyokuja nayo mwanachama kwa ajili ya sare na kwenda nayo dirisha la mikopo. Dakika tano nazo zina kazi: hati iliyoibiwa jioni isifae kitu asubuhi. Wala hati isiandikwe katika anwani ya ukurasa, kwa kuwa anwani hubaki katika kumbukumbu za kivinjari na katika daftari za seva. Kilicho bora ni kwamba kivinjari kichukue namba ya siri ya kutumika mara moja tu, na seva mbili ziitumie namba hiyo kupeana hati zenyewe kwa zenyewe, nyuma ya pazia.

Hati isibebe mzigo usiohitajika. Programu ya mikopo yahitaji namba ya mwanachama, pengine na jina. Kwa nini ipewe tarehe yake ya kuzaliwa, simu ya mkewe na mshahara wake, ati kwa sababu tovuti mama inavyo? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Viongozi wa vyama wasidhani sheria hizo zawahusu wenye mabenki peke yao.

Mahali pa kuandikia neno la siri pasiwe ndani ya kisanduku kamwe. Mtu aandikaye katika ukurasa mzima aweza kutazama juu na kuona anwani ya anayemwuliza. Kisanduku hakionyeshi anwani yake, na mwanachama hana njia ya kujua ni cha nani. Na programu ya ndani nayo itangaze ni tovuti zipi zinazoruhusiwa kuitia ndani. Isipofanya hivyo, mlaghai ataichukua, ataitia katika ukurasa wake mwenyewe, ataifunika kwa picha ya zawadi, na mwanachama abonyezapo zawadi atakuwa amebonyeza kitufe cha kukubali mkopo kilichofichwa chini. Hila hiyo ilipewa jina na wataalamu mwaka 2008 na dawa yake yajulikana; ni mstari mmoja wa maandishi katika seva.

Lakini tusije tukaipa hati sifa isiyo yake. Sahihi yathibitisha kwamba aliyeitia ni fulani. Haithibitishi kwamba fulani huyo alikuwa makini. Mwezi Aprili 2020 mtafiti wa Kihindi, Bhavuk Jain, aligundua kwamba mtambo wa Apple wa kuwaingiza watu katika programu za wengine ulikuwa tayari kumtilia sahihi hati mtu yeyote kwa anwani yoyote ya barua pepe aliyoitaja. Hati ilikuwa halali, sahihi ilikuwa ya Apple yenyewe, na programu iliyoipokea pasipo hadhari nyingine ingemfungulia mgeni. Apple ilirekebisha, ikasema haikuona dalili kwamba kosa hilo lilikuwa limetumiwa, ikamlipa mtafiti huyo dola 100,000. Kampuni yenye mali ya kushinda nchi nyingi iliteleza hapo. Fundi wetu wa tovuti mama naye aulizwe: kabla ya kutia sahihi, watazama nini?

Wapinzani wa mlango mmoja nao wana hoja, na yafaa isikilizwe. Wasema kwamba mlango ukiwa mmoja, aliyeupenya amepenya kote, na ukiharibika, wote wamebaki nje. Hoja hii si ya kubuni. Tarehe 28 Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi walikuwa wamejipatia hati za kuingilia za watu wapatao milioni 50, hesabu ambayo baadaye ilishushwa kuwa milioni 30. Watu wapatao milioni 90, walioguswa na wengine kwa tahadhari, walitolewa nje na kutakiwa kujitambulisha upya. Na mwezi Julai 2023 mtandao wa eCitizen wa Kenya, ambao kwa akaunti moja mwananchi hupata huduma nyingi za Serikali, ulishambuliwa kwa kujazwa maombi ya uongo mpaka ukaelemewa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba kwamba ndilo lililofanya. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo waliotaka pasipoti, viza na tiketi za treni walikwama siku zile zile, kwa sababu moja.

Twaikubali hoja, lakini hatuikubali hukumu yake. Milango kumi isiyo na mlinzi haimlindi mtu kuliko mmoja wenye mlinzi. Yamsumbua zaidi tu. Kwa Facebook, lile la kuzifuta hati za watu milioni 90 kwa mara moja liliwezekana kwa kuwa zilitolewa mahali pamoja. Zingekuwa maneno ya siri yaliyotawanywa katika programu elfu, nani angeweza kuyakusanya? Kilichofundishwa na eCitizen ni kwamba mlango mmoja wahitaji kujengwa kwa uimara wa milango yote iliyoondolewa, na kwamba dirisha la ofisini lenye karani na daftari lisifungwe ati kwa kuwa sasa tuna tovuti. Mzee wa kijijini asiye na simu angetuambia hilo bila kungoja shambulio.

Limebaki moja, nalo kwa maoni yetu ndilo lisahauliwalo kuliko yote: kutoka. Mafundi hufanya kazi kubwa ya kuingiza watu na kuona kwamba kutoka kutajitokea kwenyewe. Katika ofisi ya tawi kuna kompyuta moja itumiwayo na watu ishirini. Mwanachama abonyeza neno Toka juu ya ukurasa, tovuti mama yafuta kuki yake, ukurasa wasema kwaheri. Lakini kisanduku cha ndani kilikwisha kumpa kuki yake, tofauti, na hakuna aliyekiambia kwamba mtu ameondoka. Anayefuata akaa, afungua anwani ya programu ya mikopo moja kwa moja, naye ajikuta ndani ya akaunti ya mwenziwe. Taratibu tulizozitaja zina njia ya tovuti mama kuzitangazia programu zote za ndani kwamba fulani ametoka. Ipo, ila haijiwashi yenyewe.

Na fikirini habari ya mweka hazina. Mkutano mkuu wa Ijumaa wamwondoa kwa kura, kwa sababu zinazojulikana na wajumbe. Katibu aingia katika tovuti mama jioni hiyo hiyo na kulifuta jina lake. Je, Jumatatu asubuhi programu ya mikopo yajua? Kama yenyewe humkagua mtu siku ya kwanza tu na kisha kumpa kuki ya miezi mitatu, haijui. Mtu asiye na cheo aweza kuidhinisha mikopo kwa muda wa robo mwaka, na katika daftari za tovuti mama hayumo kabisa, kwa hiyo mkaguzi atakapokuja hatajua atazame wapi.

Basi siku ya kukabidhiwa kazi, kamati na ikae na fundi mezani, wakiwa na simu mbili za namna mbalimbali na ile kompyuta ya ofisi ya tawi. Mjumbe mmoja aingie, aombe mkopo wa mfano, atoke. Mwingine akae mahali pake na kujaribu kurudi kwa anwani ya ndani. Fundi aifungue hati mbele yao na kuwasomea imeandikiwa nani na itakufa saa ngapi. Namba ibadilishwe ili ionekane kwamba yakataliwa. Jina la mjumbe mmoja lifutwe juu, na mwenye saa ahesabu dakika mpaka kisanduku cha chini kimkatae. Malipo ya mwisho yasitiwe sahihi kabla ya hapo.